Mnapojenga Mkinga, msisahau bwalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzee wa Ngamiani hapa Tanga, umri unaelekea themanini. Si msomi, nimeishia darasa la nane la zamani. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, nimekaa miaka 27, tangu Januari 1967 nilipoajiriwa kuosha sahani hadi nilipotoka nikiwa kiongozi wa zamu jikoni. Darasani sikuingia ila kufuata vikombe. Kwa hiyo ninayosema hapa yanatoka upande wa sufuria, na mwenye kutaka kucheka na acheke, tumezoea.

Habari iliyonishikisha kalamu ni njema. Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi katika mkoa wetu, kule Pangarawe, kata ya Gombero, wilayani Mkinga, kwa fedha za mradi wa mageuzi ya elimu ya juu ambazo Serikali imekopa Benki ya Dunia. Kijiweni kwetu, tunapokunywa kahawa baada ya magharibi, siku hizi jambo hilo linazungumzwa kuliko hata timu yetu ya mpira, Coastal Union. Mmoja anataka kujua madarasa ni mangapi, mwingine maabara. Kijana wa bodaboda anapiga hesabu za nauli. Mwenye shamba Gombero keshapandisha bei. Sijasikia hata mmoja akiuliza wale watoto watakula wapi, na wakishakula watakaa wapi. Nikauliza mimi. Wakaangua kicheko: "Mzee na masufuria yake!"

Basi nieleze kwa nini nimeuliza.

Nyumba yangu ina vyumba viwili vya uani. Nimevipangisha kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa mjini, jina nalihifadhi. Wako wanne, wawili kila chumba. Ni watoto wazuri, kodi hawanisumbui, na bumu, ile hela yao ya mkopo ya kujikimu, likichelewa wananiambia mapema. Ila kila mmoja ana jiko lake la gesi, ule mtungi mdogo, ana chupa yake ya mafuta na chumvi yake kwenye kopo. Vyumba viwili, majiko manne. Mke wangu alipoyaona mara ya kwanza alidhani wamegombana, akataka kuwapatanisha. Wakamwambia hapana bibi, ndivyo tulivyozoea.

Mwezi wa nne, masika ikiwa imechachamaa, mmoja wao alilala ndani siku mbili na malaria. Mwenzake wa chumba alikuwa amekwenda kwao Korogwe. Wale wa chumba cha pili waliona mlango umefungwa wakajua naye kasafiri. Chuoni hakuulizwa na mtu, maana darasa lao lina watu zaidi ya mia mbili na karatasi ya mahudhurio wanasainiana. Na mimi mwenye nyumba, mimi ninayejisifu kila siku kuwa najua kuhesabu watu kwa sahani, nilikuwa napita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni nikienda msalani, nikaziona kandambili zake zimelowa pale kizingitini, nisijiulize kitu. Aliyemgundua ni mtoto wa jirani aliyeingia uani kufuata mpira, akasikia mtu anakoroma vibaya. Tukamkimbiza hospitali ya Bombo. Amepona, alhamdulillahi. Lakini zile kandambili bado naziona.

Kule Mlimani jambo hilo lisingefika siku mbili. Sisemi hivyo kwa sababu watu wa zamani walikuwa na huruma kuliko wa leo, hilo nalikataa. Nasema hivyo kwa sababu kulikuwa na bwalo.

Nilipoingia, chuo chenyewe kilikuwa kichanga, tena hakikuwa Chuo Kikuu kamili. Kilikuwa chuo kikuu kishiriki. Kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chini ya Chuo Kikuu cha London, kisha mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kusimama kwa miguu yake kulikuja Julai 1, 1970. Wapishi wakongwe walitusimulia kilivyoanzia mjini, Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU. Kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi kumi na watano. Chuo kizima kingetosha kwenye meza moja ya harusi! Asiyekuja, kila mtu anamjua.

Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya jiji. Wakati ule palikuwa porini hasa, ukitoka zamu ya usiku unatembea kwa makundi. Majengo yaliwekwa juu ya kilima yakitegeshewa upepo wa bahari, yana matofali ya matundu na vibaraza virefu, na baina ya jengo na jengo pana miti na njia za kutembea kwa miguu. Vijana wa leo wanaujua Ukumbi wa Nkrumah kwa sababu ulichapwa nyuma ya noti ya Sh500, ile iliyoondoka sarafu ilipoingia mwaka 2014. Mimi naujua kwa birika za chai. Msomi akisifia paa la ukumbi ule, mimi nakumbuka ngazi zake na sinia mkononi.

Lakini moyo wa chuo, kwa macho yangu, haukuwa Nkrumah wala maktaba. Ulikuwa bwalo, ambalo wao waliliita kafeteria. Meza ndefu, na dirisha pana baina yetu na wao, pana kiasi kwamba mtu anayepokea sahani unamwona uso mzima. Hilo dirisha nitalirudia. Tumbili nao walijua saa za chakula kuliko wanafunzi. Walishuka mitini saa moja kasoro, wakakaa ukingoni kama wageni waalikwa, na ole wako uache mkate mezani ukafuate chai.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha sahani chache kuliko zilizokuwa kabatini. Nilishangaa, nikauliza. Nikaambiwa habari ya Oktoba 22, 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akakata mishahara ya vigogo akianza na wa kwake kwa asilimia 20, na karibu vijana 400 wa chuo chetu na vyuo vingine wakarudishwa makwao. Wengi walirejeshwa baadaye. Ila mimi nilipofika Januari ile, viti vyao vilikuwa vitupu, na waliobaki hawakuvikalia. Bwalo limejaa nafasi wazi kama kinywa cha mzee. Wenye vitabu wataeleza siasa yake. Mimi niliiona kwenye rafu ya sahani.

Niseme na hili, maana sitaki nionekane nasifia tu ya kale. Wale vijana tuliwalea kama watoto wa sultani. Tulivaa mashati meupe, tuliwapelekea chakula mezani, tuliwatandikia vitanda. Wengine hawakujua hata kusema ahsante. Mwezi mmoja tu baada ya mimi kuanza likatoka Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea, na maneno yakaanza kugeuka. "Bwana" ikawa "ndugu". Baadaye wakaanza kupanga mstari na kubeba sahani wenyewe. Baadhi yetu wahudumu tulinung'unika, tuliona kama tunanyang'anywa kazi. Leo naona ndipo nilipoanza kuwajua, maana mtu unayempelekea sahani mezani humwangalii, unaangalia mchuzi usimwagike. Anayekuja mwenyewe dirishani anakwambia: "Mzee leo niongeze maharage, nina mtihani." Nilikuwa na miaka ishirini na wananiita mzee!

Pale dirishani ndipo nilipojifunza kuhesabu. Hakuna aliyenituma. Lakini binadamu ni kama kuku, hata umjengee banda la ukubwa gani atarudi kwenye kijiti kile kile. Wale wa uhandisi pembe ile, wa Kenya na Uganda pembe hii, watu wa vitabu vingi karibu na taa. Ukipakua mwezi mmoja unajua nani anakuja na nani haji.

Palikuwa na kijana mmoja wa Kigoma, mrefu, mkimya, mpenda ukoko. Kila siku ya wali alisubiri mwisho wa mstari ili nimkwangulie chini ya sufuria. Siku moja hakuja mchana. Jioni hakuja. Asubuhi yake chai, hakuja. Ukoko niliomwekea ukalala mpaka ukawa kama bati. Nikamwambia mtunza bweni: "Yule wa ukoko haji, nenda kamtazame." Akagonga, kimya, akafungua kwa ufunguo wake. Kijana alikuwa amekaa kitandani na barua mkononi, baba yake amefariki, amezikwa wiki mbili zilizopita, barua ndiyo imefika juzi yake. Hakuwa amemwambia mtu. Hakulia mpaka mtunza bweni alipoketi karibu yake. Milo mitatu tu, Mhariri, na mtu akajulikana alipo. Hatukuwa na mshauri wa saikolojia wala namba ya simu ya kupiga bure. Tulikuwa na sufuria moja na mstari mmoja.

Na bwalo halikuishia kwenye kula. Wenye vyama vyao walikuwa wakibaki humo usiku. Nyakati zile chama kilichokuwa kikitetemesha chuo ni USARF, vijana wa mapinduzi ya Afrika, mwenyekiti wao mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walimu kama Walter Rodney wa Guyana walikuwa pamoja nao. Jumapili asubuhi wenzao wakienda kanisani, wao wako kwenye darasa lao la siasa. Walikuwa na jarida wakiliita Cheche, wakilipiga kwa mashine ya sailostaili. Mwisho wa 1970 chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. Mimi nilikuwa nawapelekea birika la mwisho la chai kabla sijafunga jiko. Maneno yao sikuyaelewa nusu yake, lakini niliona kitu. Walibishana hadi mishipa ya shingo ikatoka, halafu anayebishana anamsogezea mwenzake sukari. Kesho wamekaa meza moja. Huwezi kumchukia sana mtu unayemwona anatafuna kila siku. Waweza, ila inachosha.

Hakikuwa hicho tu. Palikuwa na Wakristo wao, Waislamu wao, wacheza ngoma na tamthilia, wacheza mpira waliokuja dirishani na matope mpaka magotini tukiwafukuza wakanawe. Kila chama kilibandika tangazo pale mlangoni pa bwalo, kwa sababu kila mtu lazima apite pale. Ubao mmoja tu, umejaa pini kama nungunungu.

Julai 1971 Rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alichukuliwa na FFU, polisi wa kutuliza ghasia, akafukuzwa chuo. Jioni ile wamekula kimya. Ukumbi umejaa, na kinachosikika ni vijiko tu. Sijawahi kuisikia kelele ya vijiko namna ile, wala sitaki tena.

Kukaa pamoja kuna uchungu wake pia, nisiufiche. Palikuwa na makaratasi ya ukutani yasiyo na mwandishi, yakiitwa Mzee Punch, yanayochora na kutukana watu, hasa wasichana. Wanaume walicheka, na sisi jikoni, Mungu atusamehe, tulicheka pia. Mwaka 1990 msichana mmoja akajiua baada ya kuandamwa. Punch ikapigwa marufuku, lakini yeye hakurudi. Kwa hiyo mtu asinielewe kwamba ukiweka watu meza moja basi wanakuwa malaika. Wanakuwa watu, na mabaya yao yanaonekana mapema zaidi, kama mwenye macho anayo nia ya kuyatazama. Sisi tulikuwa na macho, nia hatukuwa nayo.

Miaka ya 90 ikaja ya kuchangia gharama. Chakula cha bure kikaondoka, huduma wakapewa wazabuni, nasi tukapewa barua. Nikarudi Tanga na mafao yaliyotosha bati za nyumba hii ninayoandikia. Sina kinyongo, nchi ilikuwa imechoka. Wanafunzi walikuwa wachache tukawalisha, sasa ni wengi mno, sufuria gani litatosha? Nilipopita Mlimani miaka michache nyuma nilifurahi kuona mabweni yale ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017, majengo ishirini, vijana 3,840 wana pa kulala badala ya kubebana wawili kitanda kimoja. Maktaba mpya ya Wachina, iliyofunguliwa 2018, nimeingia hadi mlangoni, ni kama uwanja wa ndege. Na vimbweta vipo, vile viti na meza za saruji chini ya miti, vimejaa vijana wanapiga msuli wa vitabu. Nikakaa kwenye kimoja nusu saa. Kijana akanikaribisha karanga. Nikajua hapa bado pana uhai.

Sasa nirudi hapa Tanga, kwenye kile chuo nisichokitaja. Wana jumba la wanafunzi, tena zuri, vigae sakafuni, mapazia. Nilikwenda siku moja kupeleka kitambulisho ambacho mpangaji wangu alikisahau. Jumba limefungwa kwa kufuli. Kwa dirishani nikaona viti bado vimevikwa nailoni zake za dukani. Nikamwuliza mlinzi, akasema: "Linafunguliwa wakija wageni, mzee." Na wenyewe? "Wenyewe wanachafua." Nje, kwenye ngazi za jumba lao wenyewe, wanafunzi sita wamekaa juani, kila mmoja na chipsi zake kwenye mfuko na simu yake. Hawakuwa wakizungumza. Huenda walikuwa wakiandikiana, sijui, vijana wa leo wanaweza kuandikiana huku magoti yanagusana.

Wawili kati ya wapangaji wangu ni wa CHAWAKAMA, kile chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Walikuwa wanajiandaa kwenda kwenye kongamano na hawana pa kukutana. Darasa lazima liombwe kwa barua, na barua inakaa mezani mpaka kongamano lipite. Wakaniomba uani. Wakaja kumi na wanne, wakakaa kwenye mikeka, wakaghani mashairi na kukosoana vina mpaka saa tatu usiku. Jirani akaja kulalamika kelele, akabaki. Ni mtoto wa mashairi yule, marehemu baba yake alikuwa manju, akawasahihisha mizani mahali pawili. Mke wangu akatoa kahawa na kashata. Tangu siku hiyo wanakutana kwangu kila Alhamisi, na mke wangu sasa ndiye mlezi wa chama, bila barua ya uteuzi na bila posho.

Ndiyo maana nawaandikia wanaojenga Mkinga, na viongozi wetu wa mkoa na wilaya wanaokwenda kukagua wakiwa wamevaa kofia ngumu. Kama bwalo limo kwenye ramani, barua hii ichukuliwe kuwa ni dua. Kama halimo, bado wakati upo, chomekeni. Msijenge kibanda cha chipsi na kukiita kafeteria. Jengeni bwalo lenye meza ndefu, maana meza ya watu wanne inakaliwa na watu wanne wanaojuana tayari, meza ya watu ishirini haina budi kuchukua mgeni. Dirisha la kupakulia liwe pana. Nimeona siku hizi wanaweka tundu dogo kama la tiketi za stendi, mkono unatoka na sahani, mkono unaingia na pesa, uso hauonekani. Anayepakua asipoona uso, nani atajua yule wa ukoko hajaja?

Wazabuni wawepo, sipingi, enzi ya kulishwa bure imekwisha. Lakini akina mama wa Gombero wanajua kupika wali wa nazi na mchicha, na samaki Mkinga si wa kuagizwa, bahari wanayo. Wapeni wao nafasi humo ndani, kwa bei ambayo mtoto wa mkulima ataimudu bumu likiisha tarehe ishirini. Mpishi anayekaa kijiji kile kile atawajua watoto wale kwa majina kabla mwaka haujaisha. Mzabuni wa kutoka mbali na wafanyakazi wa kubadilishwa kila miezi mitatu hatawajua, hata akiwa mtu mwema.

Na pembeni ya bwalo wekeni chumba kimoja cha vyama, hata kikiwa kidogo, na ufunguo wake muwape wanafunzi wenyewe. Watachafua, ndiyo. Mimi nimesafisha uchafu wa wanafunzi miaka 27, unatoka, maji na sabuni vinatosha. Nje, chini ya mikorosho msiyoikata (tafadhali msiikate, najua wakandarasi wanavyopenda kusawazisha), wekeni vimbweta. Na mlangoni ubao mmoja wa matangazo. Mtaniambia siku hizi kuna makundi ya WhatsApp. Yapo, na mimi nimo katika mawili, moja la ukoo na jingine la msikiti, na katika yote mawili sijawahi kujua nani anaumwa mpaka tumeshaambiwa saa ya mazishi.

Yule kijana wa malaria hali peke yake tena, wala wenzake. Baada ya tukio lile mke wangu aliwaita wote wanne, akawaambia majiko yenu wekeni chini ya kitanda, kila mmoja alete mchele wake na hela ya nazi, jioni chakula kimoja. Walikuna vichwa wiki ya kwanza. Mmoja hali dagaa, mwingine anarudi usiku. Lakini wamekubali, na mimi nimerudi kazini bila mshahara. Napakua.

Juzi sahani moja ilibaki. Nikangoja mpaka saa nne, nikachukua tochi, nikaenda kugonga. Kandambili zipo kizingitini. Nikagonga tena kwa nguvu, moyo unanienda mbio. Akafungua huku anafikicha macho, vitabu vimetapakaa kitandani. "Samahani babu, nilipitiwa na usingizi, nina mtihani kesho." Nikampashia wali. Akala amesimama pale jikoni, kisha akauliza kama ukoko umebaki.

Mpishi mstaafu,
Ngamiani, Tanga